Paa la Soko la Kariakoo

Soko Kuu la Kariakoo halifanani na jirani yake yeyote, na halikufanana nao hata lilipojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Wakati ule mitaa ya Mkunguni, Swahili, Tandamti na Sikukuu ilikuwa bado imejaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Katikati ya nyumba hizo za chini msanifu Beda Amuli akasimamisha zege kubwa, tupu, lisilo na urembo wowote. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amesomea usanifu katika chuo cha Technion mjini Haifa, na ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu majengo Afrika Mashariki.

Kwa sura, jengo lile ni geni. Lakini kila ninapolitazama naliona ni la Kariakoo kuliko maghorofa ya vioo yaliyokuja baadaye kulizunguka.

Tuanze na paa. Amuli hakulifunika soko kwa kipande kimoja. Alipanga miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja ukiwa na mguu wake, kingo zikiwa juu na kitovu kikiwa chini. Mvua za masika zikianza, mapaa ya mabati huyatupa maji barabarani, na anayepita pembeni analowa mara mbili. Hapa maji hukimbilia katikati ya mwavuli, yakateremka na nguzo mpaka kwenye matangi yaliyo chini ya soko. Nguzo hiyo hiyo imebeba paa, na paa hilo hilo ndilo linalompa kivuli muuza nyanya. Joto la watu na mizigo hupanda, likatokea juu, na upepo ukapata njia ya kupita. Huu ni ujuzi ambao nyumba ya Kiswahili ilikuwa nao zamani kwa korido yake na uani wake. Amuli aliuchukua akaufanya mkubwa wa kutosha maelfu ya watu.

Tusiwasahau mafundi. Paa la zege la namna hii hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza hujengwa kwa mbao: mirunda inasimamishwa, maboksi yanafungwa, na seremala anatafuta mteremko sahihi kila upande, kwa sababu akikosea kidogo maji yatatuama mahali pasipotakiwa kwa miaka yote ya jengo. Halafu nondo zinasukwa kufuata mteremko ule, nyingi zaidi pale mwavuli unapokutana na mguu wake, maana uzito wote unaishia hapo. Ndipo zege linamwagwa, na lazima likae kwenye mteremko bila kuporomoka: likiwa jepesi linatiririka, likiwa zito linaacha mashimo. Baadaye mbao zote hubomolewa, na kazi ya seremala, ambayo pengine ndiyo ngumu kuliko zote, haionekani tena. Ninapoinua macho kwenye paa la Kariakoo, kazi hiyo ndiyo ninayoiona kwanza.

Chini kuna jambo jingine la kupendeza. Amuli alichimba ghorofa nzima ardhini, ile ambayo wachuuzi wote wanaijua kwa jina la shimoni. Biashara ya jumla ikateremshwa huko pamoja na mizigo yake mizito, na ghorofa ya usawa wa barabara ikaachiwa mnunuzi wa fungu moja la mchicha. Kwa njia hiyo soko likabaki mwendelezo wa mtaa: unatoka juani unaingia kivulini ukiwa bado katika mwendo ule ule.

Maghorofa ya jirani hayafanyi hivyo. Mengi yamesimama kwenye viwanja vidogo vya nyumba za zamani, yamekula baraza zote, yakajifunga kwa vioo vinavyokusanya joto, kisha yakatundika viyoyozi nje ili joto hilo limrudie mpita njia. Siwalaumu wenye viwanja, ardhi ya Kariakoo ni ghali mno. Nawalaumu wasanifu, kwa sababu mfano walikuwa nao ng'ambo ya barabara.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Amuli alikuwa amefariki mwaka 2016, kwa hiyo hakushuhudia. Bidhaa na mitaji ya watu iliteketea, lakini miavuli ilibaki imesimama. Uamuzi uliofuata ulikuwa wa busara: jengo likakarabatiwa badala ya kubomolewa, na soko jipya la ghorofa likajengwa kando yake. Hilo jipya litahitaji miaka kadhaa ya mvua, jua na msongamano kabla ya kuhukumiwa. La zamani limeshapita mitihani hiyo yote, na moto juu yake.