Lau Ureno Ingaligeuka

Mwalimu aliyenifundisha sarufi katika shule ya kati alikuwa mkali juu ya jambo moja: tusichanganye -nge- na -ngali-. Ukisema "angekuja ningempokea", alituambia, mlango bado u wazi. Huenda mtu huyo akaja. Ukisema "angalikuja ningalimpokea", mlango umekwisha kufungwa, nawe umekaa nje unausemesha. Siku hizi tumezichanganya zote mbili, nami pia huteleza. Lakini kila nisomapo vitabu vinavyobuni tarehe isiyokuwa, namkumbuka mwalimu yule, kwa sababu watungaji wake huandika -ngali- kwa moyo wa -nge-.

Vitabu hivyo navipenda, sioni haya kukiri. Vinivutiavyo zaidi ni vile vya nchi iliyokaa kando ya vita vikuu, kisha ikaangukia upande usiotazamiwa: Hispania inamfungulia Hitler njia ya Gibraltar mwaka 1940, au Uturuki inaungana na Waingereza mwaka 1914. Utamu wake ni ule wa bao. Unahamisha kete chache, na mashimo yote yanabadilika hesabu. Ila yangu ni moja tu: mcheza bao haiulizi kete kama inataka kwenda, wala kete haili, haiugui, haina mama nyumbani.

Nimekutana na kitabu kimoja kilichonyamazisha lalamiko hili, nacho ni The Plot Against America cha Philip Roth, kilichotoka mwaka 2004. Humo Lindbergh anamshinda Roosevelt mwaka 1940 na Marekani inakaa nje ya vita kwa kupatana na Hitler. Roth hakutupeleka kwenye meza ya majemadari. Alituketisha jikoni mwa familia moja ya Kiyahudi mjini Newark, kwa mtoto anayesikiliza wakubwa wakibishana wahame au wabaki. Hapo nilielewa nilichokuwa nikikikosa.

Basi nami nijaribu mchezo huo, na nichague Ureno, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusini, na ng'ambo ya mto wetu Ruvuma ilikuwa nchi ya Mreno.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Ureno haikuingia, wala haikutangaza kwamba iko kando. Ilikaa hivyo mwaka mmoja na nusu. Februari 1916, kwa ombi la Waingereza, ikakamata meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha bandarini mwake, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita juu yake. Mwezi uliofuata Wareno waliitwaa Kionga, ile pembe ndogo karibu na mdomo wa Ruvuma. Baadaye mwaka huo wakavuka mto, wakafika Newala, wakafukuzwa.

Sasa angalia tarehe mbili. Tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amebakiwa na Wazungu wasiofika 300 na askari Waafrika wapatao 1,700, akiwa na njaa na upungufu wa risasi, aliuvuka Ruvuma kwenda kusini na kuipiga kambi ya Wareno pale Negomano. Akatoka na bunduki mpya, dawa, na risasi zaidi ya laki mbili. Siku kumi baadaye, tarehe 5 Desemba, Sidónio Pais akaanza uasi mjini Lisbon na kuipindua serikali. Mtu huyu ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Ureno mjini Berlin hadi vita vilipotangazwa, na wengi walimdhania mpenzi wa Wajerumani.

Mtungaji gani ataiacha nafasi hiyo? Lau Sidónio angaligeuka, Lettow angalikuwa mgeni badala ya mvamizi, na bandari ya Beira, mlango wa Rhodesia, ingalifungwa usoni mwa Waingereza. Sura tatu za kwanza zingalisomeka kwa raha. Kisha kitabu kingalianguka. Ureno ilipata makaa yake ya mawe kutoka Uingereza, makoloni yake yalifikiwa kwa bahari iliyolindwa na manowari za Waingereza, na askari wake walikuwa kwenye mahandaki ya Flanders, ubavuni mwa Waingereza haohao. Tena Wajerumani na Waingereza walikuwa wamekwisha kupatana kwa siri, mwaka 1898, jinsi ya kugawana makoloni ya Ureno kama ingefilisika. Pande zote mbili zilikuwa zimeificha kisu Ureno. Sidónio, mpenzi wa Wajerumani au la, hakugeuka hadi alipouawa Desemba 1918.

Kuna -ngali- nyingine, nayo ndiyo inayoniuma. Kama Ureno ingaliendelea kukaa kando, Lettow angalifika ukingoni mwa Ruvuma akakuta mpaka asio na haki ya kuuvuka. Nyuma yake Waingereza, mbele yake mto. Siku tatu tu baada ya Negomano kundi la mwenzake, Tafel, lilisalimu amri kwa njaa. Huenda vita vya huku kwetu vingalikwisha hapo, mwaka mzima kabla ya wakati wake. Hesabu ya Waingereza wenyewe inataja takriban wapagazi 95,000 waliokufa upande wao katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Ni wangapi walikuwa wa mwaka ule wa mwisho?

Nimeipenda hadithi hiyo kwa miaka, na siku hizi siiamini. Agosti 1914, Ureno ikiwa bado nje ya vita, Wajerumani walikivamia kituo chake cha Maziua, huko huko Ruvuma, wakaua watu, kisha wakaomba radhi. Isitoshe, Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha nafasi ya nchi za bonde la Kongo, na koloni la Mjerumani likihesabiwa humo, kuepushwa na vita vya Ulaya. Tarehe 8 Agosti 1914 Waingereza walipiga mizinga Dar es Salaam. Jeshi lenye njaa lingalisimama mtoni kwa ajili ya karatasi gani?

Waliogeuka kweli hawamo katika vitabu hivi. Mapema mwaka 1917 watu wa Barue, bonde la Zambezi, waliinuka juu ya Wareno, na moja ya sababu ni kukamatwa vijana wao wakabebe mizigo ya vita. Ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi iliyotawaliwa na Kampuni ya Nyasa, wako walioonyesha Wajerumani njia kwa chuki ya kodi na kazi ya lazima. Wajerumani nao wakala nafaka yao. Hao walipima, wakachagua, wakalipa. Mtungaji akitaka nchi iliyobadili upande, aanzie huko, nami nitakinunua kitabu chake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Hakupata kusema wa jeshi gani. Alisema "vita vya Wazungu", basi. Alisema pia kwamba waliuvuka mto wakienda na wakauvuka tena wakirudi, na kwa hilo mimi, nikiwa mtu mzima na ramani mbele yangu, ndipo nilipotambua kwamba alikuwa na Lettow, aliyerudi ng'ambo hii mwishoni mwa Septemba 1918. Nilipokuwa kijana nilimwuliza walikuwa wakimpigania nani. Alinitajia aliyetembea mbele yake katika mstari na aliyetembea nyuma yake. Wa mbele, alisema, alikufa kwa mafua, wakiwa wamekwisha kurudi ng'ambo hii, na mzigo wake wakagawana wawili.