Jumapili za Frank Cole

Chukua mbili, uizidishe kwa mbili tena na tena mpaka zitimie mbili 67, kisha toa moja. Unapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, na hapo ikakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, ila njia yake haikutoa kigawo hata kimoja. Ikajulikana kuwa namba inavunjika, bila mtu kujua inavunjikia wapi.

Aliyepajua ni Mmarekani Frank Nelson Cole. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, inasimuliwa kwamba aliuendea ubao bila kusema neno, akaandika namba hiyo, kisha pembeni akazidisha kwa mkono:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi. Mwanahisabati Eric Temple Bell anasimulia kuwa alipomuuliza kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Mimi navutiwa zaidi na hesabu ambazo Cole hakuzifanya. Ukitoa moja kwenye kigawo chochote cha namba hii, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili. Tena kigawo chenyewe, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Kwa masharti hayo mawili tu, namba nyingi mno zinaanguka kabla hazijaguswa. Hata hivyo hazijapungua vya kutosha: kigawo kidogo ni 134 mara 1,445,580, ongeza moja. Nani angepita humo hatua kwa hatua na kalamu? Cole aliongeza masharti mengine kutokana na masalio ya namba za mraba, kila sharti likichuja namba zilizoachwa na lililotangulia, mpaka uwanja ukawa mdogo kiasi cha mtu mmoja kuumaliza. Anayefanya kazi hivi hapewi dalili yoyote kwamba amekaribia. Jumapili ya mwisho kabla ya jibu ilikuwa tupu sawasawa na ile ya kwanza.

Leo kompyuta inavitoa vigawo hivyo kufumba na kufumbua, na heshima yangu kwa Cole haipungui hata chembe, kwa sababu alichokiacha hakihitaji kuaminiwa kwa jina lake. Shika tarakimu tatu za mwisho za kila kigawo, 721 na 287. Mara 7 ni 5,047. Mara 80 ni 57,680. Mara 200 ni 144,200. Jumla ni 206,927, na namba yetu inaishia na 927. Tarakimu 18 zilizobaki zinataka karatasi pana na utulivu.