Nati Mbili za Nyuma

Anayeisifu baiskeli ya umeme husifu betri, mwendo na ukimya wake. Sijasikia mtu akizisifu nati mbili zinazoshika gurudumu la nyuma. Lakini tairi hilo likichomwa mahali fulani baina ya Ndithini na Matuu, hata betri iwe imejaa pomoni, safari imeisha mpaka apatikane mtu anayejua kuzifungua nati hizo na, jambo lililo gumu zaidi, kuzifunga tena. Nimekaa kuandika ili nimsifu mtu huyo.

Ndithini ni wadi ya eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos. Ni nchi ya migunga, maembe na vumbi, na mvua huja ikitaka. Mwiba mkavu wa mgunga ni mgumu, una rangi ya majivu, na tabia yake mbaya ni kukatikia ndani ya tairi, shina likaanguka na ncha ikabaki imejificha. Kwa hiyo fundi wa baiskeli hakosi kazi huku. Vifaa vyake ni karai la maji, pampu, kipande cha msasa, solusheni na tyubu kuukuu za kukatia viraka. Kwa vifaa hivyo tu ameziweka barabarani Black Mamba za vijiji vizima, zile baiskeli nzito nyeusi zinazobeba mitungi ya maji ya lita 20, magunia ya mahindi na pengine mgonjwa.

Black Mamba ndiyo iliyomfunza adabu ya gurudumu la nyuma. Kwenye ekseli yake hukutana kila kitu: miguu ya karia, stendi, vyuma vya madigadi, vikaza mnyororo, kisha fremu yenyewe. Kila kimoja kina zamu yake. Ukizifungua nati ovyo, vyote vinakudondokea miguuni. Ukivirudisha kwa mpangilio mwingine, gurudumu linakaa upande, mnyororo unasugua kifuniko chake, na mwenye baiskeli anarudi kesho yake akiwa na maneno. Kutokana na usumbufu huo, fundi alijifunza jambo ambalo mimi naliweka mbele ya yote katika ufundi huu: kuziba pancha bila kulitoa gurudumu kabisa.

Mtazame akiifanya kazi hiyo. Analegeza tairi upande mmoja tu kwa mpini wa kijiko, anachomoa tyubu kidogo kidogo huku gurudumu likiwa mahali pake, anaijaza upepo na kuipitisha karibu na shavu lake. Shavu huuhisi upepo mwembamba kabla sikio halijausikia. Akishindwa, analeta karai na kuangalia povu. Anaweka alama, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni na kungoja ikauke, na hapo hamharakishi mtu, kwa sababu kiraka kilichobandikwa solusheni ikiwa mbichi hufunguka kabla ya jioni. Kisha anaingiza vidole ndani ya tairi na kuvizungusha polepole mpaka vigote kwenye ncha ya mwiba. Anayeacha hatua hii ameziba tundu la kwanza na kuandaa la pili.

Sasa iletwe baiskeli ya umeme, ile yenye mota ndani ya habu ya nyuma. (Zipo zenye mota kwenye pedali, hizo gurudumu lake la nyuma hutoka kama la baiskeli yoyote, na sina mengi ya kusema juu yake.) Mteja ameshaingiwa na hofu. "Fundi, hii ni ya stima, si uitoe yote uangalie?" Fundi anayeijua kazi atajibu, "Hapana, mzee. Wacha kwanza nitafute mwiba." Na anasema kweli. Tyubu ya baiskeli hii ni tyubu kama nyingine, mwiba ni uleule, na mota haina haja ya kusumbuliwa kwa ajili ya tundu moja. Wengi wanaong'oa gurudumu hili hulitoa bila sababu, na baadhi ya waya ninazoziona zimefungwa kwa utepe mweusi zilikatwa na mkono uliokuja kuziba pancha.

Lakini zipo siku ambazo ni lazima litoke. Tyubu ikichanika penye valvu, tairi likiisha, spoku ikivunjika upande wa gia, au bearingi zikianza kulia, hakuna ujanja. Hapo ndipo fundi huyu anapokutana na kitu ambacho Black Mamba haikumfundisha.

Katika gurudumu la kawaida, ekseli imetulia tu, haina ugomvi na mtu. Katika mota ya habu ekseli ndiyo nguzo: mota inasukuma rimu iende mbele, na kwa nguvu ileile ekseli inasukumwa izunguke kinyume. Kwa kawaida ekseli hiyo ina unene wa milimita 12, nayo imechongwa bapa pande mbili hadi ikabaki milimita 10, ili iingie kwenye mwanya wa fremu na isiweze kugeuka. Mota ya kiasi, ikipanda mlima na mzigo, inaweza kutoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 40. Nguvu hiyo ikiegemea kingo zilizoachana kwa sentimita moja, mdomo wa fremu unabanwa kana kwamba umebebeshwa mamia ya kilo. Nati ikilegea, ekseli huanza kuutafuna mwanya huo taratibu, nawe hujui. Siku moja inageuka mzunguko mzima, na waya wa mota, ambao hupita katikati ya ekseli hiyohiyo, unajisokota na kukatika. Kwenye Black Mamba nati iliyolegea huleta kelele. Kwenye hii inaweza kuua mota.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya baiskeli ya umeme tarehe 31 Desemba 1895, kabla pau la kwanza la reli ya Uganda halijalazwa Mombasa. Mota yake ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, na betri ya volti 10 ilining'inia kwenye fremu. Kwa hiyo tatizo la kulitoa gurudumu lenye waya lina zaidi ya miaka 120. Ajabu ni kwamba viwanda bado vinatuuzia baiskeli bila kipande cha karatasi kinachoeleza namna ya kulitoa.

Fundi mwenyewe basi anajipangia utaratibu. Kwanza haipindui baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani kama alivyozoea, kwa kuwa juu ya usukani kuna kioo cha kuonyesha mwendo na swichi ambazo hazipendi changarawe. Anaining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mwembe, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Anazima, anachomoa betri na kuiweka kivulini, mbali na karai la maji. Halafu anabonyeza swichi tena hata kama betri haipo, ili umeme uliobaki kwenye kontrola inayoiongoza mota uishe. Hatua hii ndogo naipenda, kwa sababu inaonyesha kwamba anayeifanya ameelewa, hakukariri.

Kisha anaufuata waya kwa kidole, kuanzia ekseli, kupanda na mguu wa fremu, mpaka penye plagi. Anakata kamba za plastiki zilizoufunga. Plagi ina alama mbili za mshale zinazotazamana. Anaishika pande zote mbili na kuivuta moja kwa moja. Kuizungusha ni kosa, maana pini za ndani ni nyembamba, na moja ikipinda mota huanza kutetemeka na kugoma badala ya kuzunguka. Plagi ikishaachana, ncha zake mbili zinavikwa mfuko wa plastiki. Vumbi la Ndithini halihitaji mwaliko.

Nati nyingi za mota hizi ni za spana namba 18. Kabla ya kuzigusa, fundi anapiga picha kwa simu, kushoto na kulia. Chini ya kila nati kuna washa, na mojawapo ina ulimi unaoingia ndani ya mwanya wa fremu. Huo ulimi ndio unaosaidia kuizuia ekseli isigeuke, na mara nyingi ndio unaopotea. Anazipanga kwenye gunia kwa mfuatano uleule zilivyotoka, za kushoto kushoto, za kulia kulia. Gia inawekwa kwenye meno madogo ili mnyororo ulegee. Penye breki ya diski ya mafuta, anachomeka kipande cha katoni kati ya pedi mbili gurudumu likishatoka, na anamkataza mtoto aliyesimama karibu asiguse breki. Katoni isipowekwa na breki ikaminywa, pedi hukutana, na kuziachanisha ni kazi nyingine ya nusu saa. Hatimaye anaweka goti chini ya tairi kabla ya kuliachia, maana mota hii huwa na kilo kadhaa, na gurudumu likianguka ghafla huangukia waya.

Gurudumu likiwa chini, mwenye ujuzi wa ziada atafanya jaribio moja ambalo halihitaji mashine yoyote. Mota hizi nyingi zina nyaya tatu nene, za manjano, kijani na buluu, pamoja na nyaya tano nyembamba zinazoiarifu kontrola sumaku ziko wapi. Akizigusanisha mbili kati ya zile nene na kulizungusha gurudumu kwa mkono, linakuwa zito na kukokota kwa vipigo. Akiziachanisha, linakuwa jepesi. Anarudia kwa kila jozi. Zikikokota sawasawa, koili za ndani ni nzima na ugonjwa uko kwingine. Mota yenye gia ndani huizungusha kinyume ili ijibu. Kwa mikono mitupu, chini ya mwembe, amepima kitu ambacho wengine wangekipeleka kwa basi mpaka Nairobi.

Kulirudisha kunataka subira kuliko kulitoa. Ulimi wa washa lazima uingie mwanyani, na waya lazima utoke kwenye ekseli ukielekea chini. Ukielekea juu, maji ya mvua yataufuata mpaka ndani ya mota na kuleta kutu. Nati zinakazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, huku akichungulia kama rimu iko katikati ya fremu, kisha zinakazwa kwa nguvu ya bega. Baada ya siku chache za kuendesha zinakazwa tena, na fundi mwaminifu humwambia mteja arudi kwa ajili hiyo bila malipo.

Nimeeleza haya yote kwa sababu nachoshwa na mazungumzo kwamba vyombo vya umeme vitamfukuza fundi wa kijijini na kumleta mtaalamu wa kompyuta. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 iliweka baiskeli za umeme katika kiwango cha VAT cha asilimia sifuri, na huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likizisambaza za AfricroozE kwa ajili ya mizigo ya mashambani. Zitafika Ndithini, na zitakapofika hazitakuta ugeni wa chuma. Huku Ukambani walikuwepo mafundi waliosuka mikufu myembamba kwa waya wa shaba karne moja na zaidi iliyopita, pete moja baada ya nyingine. Fundi wa leo anakosa vitu vichache tu vya kununuliwa: washa zenye ulimi, plagi za akiba, na mchoro wa nyaya wenye rangi, ulioandikwa kwa Kiswahili. Muuzaji anayefungua duka Machakos mjini bila kuleta vitu hivyo anauza nusu ya baiskeli.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokwenda kununua yako, usianze na swali la betri inakwenda kilomita ngapi. Mwombe muuzaji alitoe gurudumu la nyuma mbele ya macho yako na alirudishe, na umwalike fundi wako wa pancha asimame kando atazame. Muuzaji akikataa, au akishindwa, rudi nyumbani na pesa zako.