Kiti cha Mguu Mmoja

Kabla ya kutoboa, fundi alibisha hodi. Alipiga magoti ndani ya boti, akakunja kidole cha kati, akaanza kugonga sakafu kutoka tezini kwenda omo, polepole, kichwa amekiinamisha, kama mama anayechagua tikiti maji katika soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kila mahali sauti ilikuwa ile ile ya debe tupu. Halafu ikawa nzito. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, akasogea kulia, akagonga. "Hapa kuna mwenyewe," akasema, akachora msalaba kwa penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni.

Mwenyewe alikuwa taruma, uti wa mbao uliojificha chini ya plaiwudi. Watu wa pwani husema mataruma. Hapa Dunga, Kisumu, husema mbavu tu, na wanaeleweka. Nilikuwa nimeitumia boti hiyo mwaka mzima bila kujua mbavu zake ziko wapi. Ndiyo maana nilikuwa pale siku ile, nimekumbatia kiti kilichong'oka.

Nilikinunua kwa sababu ya mgongo. Kukalia ubao uliokatiza boti, kutoka Dunga hadi kisiwa cha Ndere na kurudi, ni adhabu kwa mtu aliyekwisha pita miaka hamsini. Kiti kina mguu mmoja wa alumini. Chini kuna sahani yenye matundu manne, juu kuna kikalio chenye egemeo, na kinazunguka. Kinyozi yeyote wa Kondele angekitambua. Fundi wa kwanza, ambaye sina haja ya kumtaja, alikifunga kwa dakika kumi: skrubu nne za mbao, bisibisi, nikatoa pesa, tukaagana. Nilikitikisa kwa mikono miwili, hakikutetereka.

Ziwa lilikitikisa kwa njia yake. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukasukuma tanga za wavuvi kwenda nje. Mchana, nchi ikishapata joto, hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Wavuvi wa tanga huenda na mmoja, hurudi na mwingine. Sisi tulirudi na huo wa pili. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na mawimbi ya maji ya namna hiyo si yale marefu ya kubembeleza. Ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Tukiwa katikati nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Rafiki yangu, niliyempisha kiti kwa heshima ya mgeni, alikwenda chali juu ya mtungi wa petroli, kiti kikiwa bado kimemkumbatia. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, hakuumia, na tangu hapo ananikumbusha kila tunapokutana.

Kilichonishangaza kilikuwa zile skrubu. Zote nne zilitoka nzima, zimenyooka, zimevaa unga wa mbao kwenye nyuzi zake. Hakuna kilichovunjika. Nilimpelekea fundi wa Dunga kiganjani kama ushahidi wa mahakamani. Akazigeuza kwa ncha ya kidole.

"Hizi ni za kufungia kabati," akasema. "Kabati halijui wimbi."

"Jaduong', lakini nilikitikisa kabla ya kuondoka."

"Ulikitikisa ukiwa umesimama kando yake. Ulikikalia?"

Watoto wana kitendawili: nyumba yangu ina nguzo moja. Jibu ni uyoga. Uyoga unasimama vizuri kwa mguu wake mmoja kwa sababu hakuna anayeukalia. Mweke mtu mzima juu ya mguu kama huo, umpe wimbi la ubavuni, na mguu unakuwa mtaimbo. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme wimbi linamsukuma aliyeketi kando kwa nguvu ya kilo 40 tu, na kiuno chake kiko sentimita 60 juu ya sakafu. Sahani ya chini ina sentimita 15 kutoka ukingo unaoegemea hadi skrubu za upande wa pili. Gawanya 60 kwa 15, unapata nne. Kilo 40 za juu zinakuwa kilo 160 za kung'oa kule chini, na hata ukipunguza kiasi ambacho uzito wa mtu mwenyewe unakikandamiza kiti, zinabaki nyingi. Zinakwenda kwenye skrubu mbili, zilizouma plaiwudi ya milimita 12. Halafu wimbi linalofuata linasukuma upande wa pili. Na lingine. Ni kama mtu anayeng'oa msumari: havuti mara moja, anautikisa huku na huku mpaka shimo lenyewe linachoka.

Kosa basi halikuwa la skrubu, wala la plaiwudi. Kosa lilikuwa kudhani sakafu ya boti ni sakafu. Ya nyumba imelala juu ya dunia. Ya boti ni ngozi tu, iliyotandazwa juu ya mbavu, na chini yake kuna uwazi, na chini ya uwazi kuna ziwa.

Wazee wa ziwa hili hawakuwa na tatizo hilo. Mitumbwi mikubwa ya Waganda, ile ambayo Stanley aliikuta kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za nazi. Mbao za kukalia zilikatiza kutoka ubavu hadi ubavu, na zilikuwa na kazi mbili: kumbeba mpiga makasia, na kuzuia kuta za mtumbwi zisiachane. Ukikiondoa kiti, unakilegeza chombo chote. Boti za Sese zinazopangwa leo ufukweni Dunga na Usoma, pamoja na misumari yake na vibati vilivyopigiliwa juu ya maungio, bado zimeshika kanuni ile ile. Kiti ni kiungo cha mwili. Hiki changu cha dukani kilikuwa mgeni aliyeletwa kukaa sebuleni.

Na Waswahili wameshasema mgeni afanywe nini siku ya tatu.

Fundi alianza kwa kufungua sakafu yote. Nilidhani atatoboa palepale penye msalaba, kumbe msalaba ulikuwa wa kumwonyesha njia tu. Akaniita nichungulie: waya wa taa ulipita sentimita mbili kutoka mahali alipotoboa mwenzake. Hakusema neno juu ya mwenzake. Alinyoosha kidole tu. Kisha akaenda nyuma ya banda, akarudi na kipande cha mvule kilichotoka kwenye ubavu wa boti kuukuu, kizito, unene wa vidole viwili, rangi ya asali iliyokaa sana. Mvule mpya sasa ni wa kutafuta kwa tochi na bei yake ni ya kutisha. Mafundi wengi wanaunda kwa mbao laini wakijua zitaoza mapema. Mvule mkuukuu hautupwi. Akaupiga randa upande mmoja, akaukata kwa kipimo cha kutoka ubavu hadi ubavu, akauweka chini ya mahali kiti kitakapokaa, ukalalia mbavu mbili. Akaufunga kwenye mbavu zenyewe kwa gundi na bolti. Mgeni alikuwa amepewa jembe: tangu siku hiyo sakafu ya boti yangu, hata mahali pasipo na kiti, hainesi tena ninapokanyaga.

Chini ya mvule alitaka sahani ya chuma. Jua kali wa Kibuye walinikatia kwa muda wa kunywa chai moja, matundu manne, kona zimekatwa zisichane mkono.

Halafu tukaja kwenye matundu, na hapa ndipo nilipopoteza subira. Bolti zilikuwa za milimita 8. Yeye akatoboa kwa keekee ya milimita 12. Nikafikiri amekosea, nikasema. Akaendelea. Alipomaliza alikoroga epoksi, akayajaza matundu yote manne mpaka juu, akaweka zana chini, akanawa mikono. "Kesho," akasema. Alikuwa ametoboa matundu ili ayazibe.

Kesho yake alitoboa tena, safari hii kwa milimita 8, katikati ya ile gundi iliyokuwa jiwe. Bolti sasa inapita ndani ya mrija wa epoksi, haiigusi mbao hata kidogo. Maji yakipenya, na maji hupenya, hayakuti kitu cha kunywa.

Jambo hili linahitaji kusemwa na mtu wa ziwani, maana watu wa bahari hutucheka. Baharini chumvi huilinda mbao kama inavyomlinda papa mkavu. Adui mkubwa ni wale wadudu wanaotoboa, ndiyo maana mafundi wa pwani hupaka deheni ya chokaa na mafuta chini ya chombo. Huku kwetu wadudu hao hawapo. Lakini hakuna chumvi pia. Maji ya ziwa na maji ya mvua yakituama kwenye tundu la skrubu huozesha mbao kimyakimya, kutoka ndani, na juu rangi inabaki inang'aa. Boti ya ziwani inaweza kufa ikiwa na sura nzuri. Fundi wa ziwani kwa hiyo anaogopa tundu dogo kuliko wimbi kubwa.

Mji huu, ukiutazama vizuri, ulianzia kwenye kazi za namna hiyo. Meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Uskoti ikiwa vipandevipande, ikafika hapa kabla reli haijafika, vipande vyake vikibebwa na watu. Ikaunganishwa ukingoni mwa ziwa, ikateremshwa majini mwaka 1900. Reli ilifika 1901. Kwa maneno mengine, kabla Kisumu haijawa na stesheni, tayari ilikuwa na watu waliojua kwamba chombo ni maungio yake. Majina ya wahandisi yameandikwa mahali fulani. Ya waliokaza ripiti, sijawahi kuyakuta.

Tulibishana mara moja tu, juu ya urefu. Mguu wa kiti ulikuwa wa sentimita 45. Yeye akasema 30. Nikamwambia kiti kirefu kinanipa kuona mbali, nawaona viboko mapema kule kwenye mafunjo. Akaniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia 84. "Basi unataka kuweka kilo 84 juu ya mti," akasema, "halafu boti ikiyumba uilaumu." Hilo si suala la kiti kukaa au kung'oka, kiti kinaweza kukaa imara na boti nzima ikapinduka nacho. Uzito ukiwa juu, boti ndogo husita kurudi wima. Wanaoishi kuzunguka ziwa hili wana sababu ya kutolichukulia hilo kama porojo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba watu wengi kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na Ukara upande wa Tanzania, na waliokufa walizidi 200. Fundi hakuitaja meli hiyo. Alichukua msumeno wa chuma akasubiri niseme ndiyo. Nikasema.

Mahali pa kiti vilevile hakunikubalia pale nilipopataka. Alinikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, boti ikiwa majini na mashine yake tezini, akawa amesimama ukingoni anatazama mstari wa maji. "Sogea mbele. Tena. Kulia kidogo." Nilijihisi kama samani. Lakini boti ilipokaa sawa, hata mimi nilijua.

Kilichobaki kilikwenda haraka: silikoni kuzunguka kila tundu chini ya sahani, bolti, washa pana, nati zenye pete ya nailoni. Alikaza mpaka silikoni ikachungulia pembeni kama mdomo wa mtoto aliyekula uji, akaacha. Ukikaza yote mara moja, alieleza, unaikamua yote nje, inabaki chuma kwa mbao. Asubuhi ikishakuwa mpira ndipo unamalizia. Mwisho alikata kidirisha cha duara pembeni ya kiti, chenye kifuniko cha kuzungusha, mkono unaingia mpaka kwenye sahani ya chini. Hicho sikukiagiza. "Nati usiyoifikia si yako," akasema.

Sasa ukipanda boti yangu utaona kiti na vichwa vinne vya bolti. Vya fundi wa kwanza navyo vilikuwa vinne. Ukipiga picha, picha mbili hizo hazitofautiani, ila kiti cha pili ni kifupi na kimekaa kombo kidogo ukilinganisha na ubao wa nyuma. Siku tatu za kazi ziko chini, gizani, penye harufu ya petroli na maji ya mvua. Malipo aliyoyataka yalikuwa kama mara tatu ya yule wa dakika kumi, na nilitaka kupunguziwa. Nilipokumbuka mlio ule wa kuchanika katikati ya ghuba, nikanyamaza nikalipa.

Aliniambia nirudi mwezi mmoja baadaye na spana namba 13, kwa sababu mbao mpya na chuma kipya lazima vizoeane. Nilirudi. Nati moja ilikubali robo mzunguko. Tatu zilikataa.