Kabatini Kuna Kitu Kinapumua

Psssst!

Hamkuusikia mlio huo, mlikuwa mbali. Mimi nimeusikia, na jiko zima limeusikia! Chupa ya kwanza ya bia niliyoipika mwenyewe, juu ya jiko la umeme la fleti ya vyumba viwili hapa Manchester, imefunguka kwa sauti ileile ya chupa ya dukani. Povu limepanda. Limepanda na limekaa! Nimelikodolea macho hadi mke wangu akauliza kama nakunywa au napiga picha. Nimefanya yote mawili.

Haya, nianze mwanzo, furaha inanivuruga.

Boksi la vifaa vya kupikia bia nyumbani ni dogo, unalibeba kwapani. Ndani mna mtungi wa kioo wa lita 4.5, yaani galoni moja ya Kiingereza, kizibo cha mpira chenye tundu, kidude cha plastiki kilichopindapinda ambacho hutiwa maji ili hewa itoke isiweze kuingia, kipimajoto, mpira mwembamba wa kuhamishia bia, kilo moja ya kimea cha shayiri kilichopondwa, vipakiti viwili vya hopsi, hamira, na unga wa kuulia vijidudu. Basi! Bei yake ni kama chakula cha jioni cha watu wawili mgahawani. Sufuria kubwa na chujio utatafuta mwenyewe, na haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika, nilinunua kando kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda namba.

Nilipoupasua mfuko wa kimea, jamani, nilisimama. Harufu ile naijua. Ni ya mkeka wa mama kule kwetu Kibosho, ulezi umelowekwa, umechipua, umeanikwa juani, nasi watoto tukifukuza kuku. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mbege ya mama, bia ya ulezi na ndizi. Nimevuka bahari na kulipia boksi ili ninuse mkeka wa nyumbani!

Wapo watakaokushauri uanze na kopo la shira ya kimea: unakoroga na maji ya moto, unaongeza sukari, unatia hamira, kazi kwisha. Bia itatoka, sikatai. Lakini utakuwa umejinyima saa tamu kuliko zote, saa ya kuloweka. Unapasha maji lita 3 hadi nyuzi 72 hivi, unamimina kimea, joto linashuka hadi 66, na hapo unalilinda kama mtoto mchanga, kwa blanketi na kila kitu. Mwanzoni ni uji tu, mzito, mweupe, hauna ladha ya maana. Baada ya dakika 20 nikachovya kijiko. Utamu! Hakuna sukari niliyotia, hata chembe! Ni vimeng'enya vilivyoamshwa wakati shayiri inachipua ndivyo vinavyoukatakata wanga kuwa sukari. Ukiteremka kwenye nyuzi 64 bia itakuwa nyepesi na kavu. Ukipanda kwenye 69 itajaa mdomoni. Nyuzi tano tu, vinywaji viwili tofauti! Nikakumbuka somo la biolojia sekondari, nikatia tone la aidini kwenye sahani yenye uji wa mwanzo: bluu, karibu nyeusi. Baada ya saa moja nikarudia kwa uji mpya: rangi ya aidini haikubadilika. Wanga wote umekwisha. Nilipiga kelele peke yangu.

Kuchuja ni kazi ya kawaida, unasuuza machicha kwa maji ya moto lita 4 na unapata maji matamu ya rangi ya asali. Yachemshe saa nzima. Fungua dirisha.

Halafu hopsi! Hivi ni vichanua vya mmea unaotambaa, vimekaushwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya kijani kama chakula cha sungura. Vyangu ni vya Cascade, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Oregon, Marekani, mwaka 1972. Ukitia mwanzo wa kuchemsha vinaleta uchungu. Ukitia dakika ya mwisho uchungu hauongezeki sana, ila harufu inatoka, na harufu yenyewe ni balungi lililomenywa sasa hivi. Mmea mmoja, kazi mbili, tofauti ni saa tu! Mama kwa uchungu alitumia magome ya msesewe, na hakuwa na saa. Alikuwa na ulimi.

Baada ya hapo kuna sehemu ambayo sitaimba sifa zake. Kusafisha. Kila kitakachogusa bia baada ya kuchemka, kuanzia mtungi, kizibo, mpira, chujio hadi vidole vyako, lazima kiuliwe vijidudu, la sivyo hutakuwa na bia bali siki. Nusu ya kazi hii ni kuosha vyombo. Na kijitabu cha maelekezo kilichomo boksini kimeandikwa na mtu ambaye hakika hajawahi kuingia jikoni: kinakwambia upoze sufuria hadi nyuzi 20 "haraka" bila kusema kwa njia gani. Jaza sinki barafu, zamisha sufuria, badilisha maji mara tatu. Mimi ilinichukua dakika 40.

Nikatia hamira, nikafunga, nikaweka mtungi kabatini chini ya ngazi, gizani. Usiku wa pili, saa nane, mke wangu akanigusa bega.

"Baba Neema, amka. Kabatini kuna kitu kinapumua."

Kilikuwa kinapumua kweli! Blub, blub, blub, kila sekunde. Povu la rangi ya kahawia lilikuwa limepanda shingo ya mtungi, likapita kwenye kidude na kuanza kushuka ukutani. Mtungi mdogo una tabia hiyo, usiujaze hadi juu kama nilivyofanya mimi. Nilichomoa kidude, nikachomeka mpira na mwisho wake nikautumbukiza kwenye jagi la maji, kisha nikakaa sakafuni na pajama zangu nikitazama. Chembe hai zisizoonekana kwa macho zilikuwa zinakula sukari niliyoitengeneza, zinatoa kileo na hewa, na wala hazikuhitaji ruhusa yangu. Mama Neema alirudi kulala. Mimi sikuweza.

Haidromita ilisema 1.044 siku ya kwanza. Baada ya wiki mbili ikasema 1.010, na siku mbili baadaye 1.010 tena. Hapo ndipo unajua imekwisha, na tafadhali usifanye haraka hapa, maana bia ambayo haijamaliza kuchacha ikifungwa kwenye chupa hupasua chupa. Hesabu inaleta kileo cha asilimia 4.5 hivi. Nikatia sukari gramu 3 kwa kila chupa ya nusu lita, nikapata chupa nane, nikazifunga, nikangoja wiki mbili nyingine ili hamira iliyobaki itengeneze mapovu.

Na yote haya ni halali. Hadi 1963 Mwingereza alihitaji leseni kupika bia nyumbani kwake. Mwaka huo waziri wa fedha, Reginald Maudling, akaifuta, na tangu hapo unapika upendavyo ilimradi huuzi. Gongo ni habari nyingine kabisa, hilo usiliguse.

Sasa ladha. Balungi puani, kisha mkate uliookwa ukaiva vizuri, kisha uchungu mfupi unaokuja na kuondoka kwa adabu. Ina ukungu kidogo na chini ya chupa mna mashapo ya hamira, kwa hiyo mimina polepole na usitikise. Je, inaishinda bia ya dukani? Ile ya kopo la bei rahisi, mbali sana! Ya fundi aliyepika miaka ishirini, bado.

Nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha glasi. Aliitazama kwa muda.

"Umengoja siku ngapi, mwanangu?"

"Thelathini, mama."

Alicheka hadi simu ikamtoka mkononi. "Mbege ingekuwa imenywewa, kata zimeoshwa, na tumepika nyingine."

Ndiyo maana dirishani pangu sasa hivi, juu ya kitambaa chenye unyevu, pamelala kilo moja ya ulezi kutoka duka la Wahindi. Leo ni siku ya tatu, na vimkia vyeupe vimeanza kutoka! Ndizi zinaivia kwenye mfuko wa karatasi. Msesewe ndio sina, na mama anasema hopsi hazitafaa. Tutaona Jumamosi.