Sauti ya Hongo: Kusikia na Kusadiki katika "Kinjeketile"

Mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uitwao "Kinjeketile", uliotolewa mwaka 1969, husomwa aghalabu kama mchezo wa vita, na kwa hakika vita vimo. Lakini chanzo cha vita hivyo ni jambo la siri zaidi: mtu mmoja amesikia sauti ambayo wenzake hawakuisikia. Msomaji huvutwa upesi kumwita mtu huyo nabii, au mlaghai, au mwenye wazimu. Majina hayo matatu hayatoshi, kwa kuwa yote hulitazama sikio lake tu, ilhali mwandishi ametaka yatazamwe yafuatayo baada ya kusikia.

Kisa kina asili katika historia. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, karibu na milima ya Matumbi, katika bara ya Kilwa. Masimulizi ya wazee, ambayo G. C. K. Gwassa na John Iliffe waliyachapisha katika miaka ya 1960, yaeleza kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo Hongo, akajiburura kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi cha mto, akazama. Jamaa zake wakamtafuta wasimpate. Siku ya pili akatoka mzima, nguo zake kavu, akaanza kutabiri. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mdachi, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita vya Maji Maji vilienea Lindi, Liwale na Songea, vikaendelea hadi mwaka 1907. Hussein ameonya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Basi ni haki ahukumiwe kwa yale yaliyomo mchezoni.

Mchezoni, dalili huanzia nyumbani. Kabla ya mto, mkewe amekwisha kuona kwamba mumewe amebadilika, hujitenga na watu na kuzama katika mawazo. Ushuhuda huo usipitwe haraka. Mwandishi hakuiteremsha sauti ghafula kutoka mbinguni. Aliitayarishia mahali katika nafsi ya mtu aliyelemewa na kazi ya shuruti, kodi na kiboko. Aliyekuwa akingoja neno la kuwaokoa watu wake hatimaye amelisikia.

Je, kusikia huko ni wazimu? Swali hili limechunguzwa nje ya fasihi pia. Huko Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1894 uliwauliza watu wapatao 17,000, na mmoja hivi katika kila kumi alijibu kwamba amepata kuona, kusikia au kuhisi kitu kisichokuwapo, hali yu macho na mwenye afya. Katika uchunguzi wa mjini Tanzania uliotolewa mwaka 2010, watu 899 waliulizwa juu ya dalili za maradhi makubwa ya akili, na 3.9 kwa mia walisema wamepata angalau dalili moja katika mwaka uliotangulia. Kwa baadhi ya watu kusikia sauti ni mwanzo wa ugonjwa. Kwa wengi sivyo.

Mwaka 2017 Albert Powers, Christoph Mathys na Philip Corlett walitangaza jaribio linalolikaribia sana jambo la Kinjeketile. Waliwaonyesha watu picha pamoja na mlio hafifu, tena na tena, mpaka wakazoea kuvihusisha. Kisha ilipoonyeshwa picha peke yake, baadhi yao walisema wameusikia mlio. Waliozoea kusikia sauti maishani, wagonjwa kwa wazima, ndio walioshikwa zaidi na mtego huo, maana kwao tarajio lilikuwa na nguvu kupita sikio. Lakini makundi hayo mawili yalitofautiana: wagonjwa walishindwa zaidi kutambua kwamba mlio haukuwapo tena. Mpaka, basi, haukuwa katika kusikia, bali katika wepesi wa kuirudia imani na kuisahihisha.

Kwa kipimo hiki Kinjeketile ni mzima. Akiwa amepandwa na pepo ametamka kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Aliporudiwa na fahamu zake, tamko hilo linamtisha. Itakuwaje ukombozi kutoka kwa bwana mmoja uwe utumwa kwa mwingine? Hapo anaanza kuishuku sauti yenyewe, naye anawasihi watu wangoje. Mwenye wazimu asingejiuliza hivyo. Mlaghai asingehitaji kujiuliza.

Hapa mila za pwani zingeweza kumsaidia. Kuanzia Lindi hata Lamu, pepo akipanda kichwani hatiiwi papo hapo: mganga humwuliza jina lake, atokako, na atakalo, ndipo hupatanishwa au hutolewa. Maswali hayo ni hekima kubwa, kwa kuwa huifanya sauti ya mtu mmoja iwe shauri la wengi. Katika mchezo, umati hauulizi. Nguo kavu zimekuwa ushahidi wa kutosha, na maji yamepokewa kabla ya kuhojiwa aliyeyatoa. Mhoji ni Kinjeketile peke yake, naye amechelewa. Imani aliyoweza kuisahihisha katika kichwa chake haisahihishiki tena katika vichwa vya maelfu, kwa sababu inalishwa na njaa na fedheha za kila siku. Kama mna maradhi katika kisa hiki, basi yamo katika dhuluma iliyowanyima watu nafasi ya kungoja.

Hata hivyo mchezo una upungufu. Shaka ya Kinjeketile inazuka kwa ghafula mno, na sababu yake ni ya kisiasa tu. Msomaji angetaka kumwona mtu huyu usiku, sauti ikimrudia au ikimkimbia, akiipima kwa sikio lake mwenyewe. Mwandishi ametupa hoja ya shaka bila kutupa uchungu wake wote, na kwa hiyo baadhi ya mazungumzo ya kati yanafanana na mjadala kuliko mateso.

Lakini mwisho unalipa deni hilo. Gerezani, Kitunda, rafiki yake, anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, nao Wadachi wanataka neno hilo hilo. Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa kuwa bado anaisadiki sauti. Anakataa kwa kuwa kukiri kungewafunza watoto wa kesho kwamba baba zao walikosa kupigana. Hapa kipimo cha maabara hakifiki. Mtu ameisahihisha imani yake moyoni, kisha kwa akili timamu ameliacha neno lisimame, ingawa waliolishika walikufa mbele ya bunduki. Ikiwa alitenda haki, Hussein hasemi. Nao waliokufa, walio ndani ya swali hilo, hawawezi kuulizwa.