Bitana Nyekundu ya Kimuka

Jaketi nyingi za watoto ni za watu wazima zilizopunguzwa tu: mfukoni ngumi haiingii, zipu inamkwaruza mtoto kidevuni. Lakini hii bomber ya fundi mmoja hapa Kimuka, manze, imefikiriwa. Mtindo wenyewe ni wa marubani wa Marekani, ile MA-1 ya miaka ya 1950. Baadaye ikapewa bitana ya rangi ya machungwa, ndiyo rubani aliyeanguka aigeuze, aonekane na waokoaji. Fundi wetu ameweka shuka nyekundu. Jioni ukungu wa Ngong ukishuka, mtoto anageuza jaketi na mtu wa boda anamwona mapema. Shida ni lastiki ya mikononi: imelegea, na upepo wa huku hauna adabu. Hiyo abadilishe.